Gia Boksi Ndogo ya Pikapu

Katika pikapu iendeshwayo kwa magurudumu yote manne, nyuma ya gia boksi kubwa imo ndogo, igawanyayo nguvu ya injini mbele na nyuma. Ikichakaa hunguruma, huvuja oili, na gia huchomoka yenyewe.

Gerezani, karibu na soko la Kariakoo, zilizotumika hupatikana. Lakini tusiharakishe kutoa fedha. Kwanza tuiegemeze motokaa juu ya stendi imara, kwani jeki ikiteleza huua. Tuifungue ile kuukuu, twende nayo dukani, tulinganishe meno ya shafti, matundu ya bolti, na upande itokeapo propela ya mbele. Tuizungushe kwa mkono: ikikwama, tuiache. Ikiisha kufungwa, itiwe oili kabla ya safari. Pasipo oili, hata iliyo njema haidumu.