Manowari Zina Majina, Wapagazi Je?

Nilikuwa Kipungani, katika kisiwa cha Lamu, nikikusanya msamiati wa Kiamu, nilipomkuta bibi mmoja barazani akisuka ukili wa mkeka. Nilimwuliza majina ya vyombo vya baharini. Alinitajia dau, mashua na jahazi, kisha akaongeza manowari.

"Manowari umeiona wapi, bibi?" nikauliza.

Akajibu kwamba hakupata kuiona. Neno lilikuja pamoja na habari za babu yake mzaa mama, aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo katika vita vya Mjarumani, asirudi. Akanitajia jina lake. "Wewe ni mtu wa vitabu, mwanangu. Litafute humo."

Nimelitafuta, sikuliona. Niliyoyaona ni majina ya manowari. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yake 10, na silaha za baharini zikawa za nchi kavu. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa Fort Jesus, Mombasa. Mahasimu wamekuwa majirani.

Lakini, ndugu msomaji, mzinga hauendi wenyewe. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo; basi shehena za majeshi yote mawili zikapanda vichwani mwa binadamu. Hesabu za Waingereza peke yao zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi, si kwa risasi. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi kwa kuwa maelfu kwa maelfu ya watu kama hao hawakuandikwa majina.

Lugha haikuwasahau kabisa. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilikuwa na jina la Kiingereza. Ndimi za Dar es Salaam zikalikata konsonanti na kulimalizia kwa irabu, likawa Kariakoo. Nairobi likabaki Kariokor. Kila siku twanunua nyanya na vitambaa ndani ya kumbukumbu hiyo, bila kujua.

Hata hivyo, jina la soko si jina la mtu. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nasi tumehifadhi pembe za fahali, nyasi tukaziacha. Idara zetu za historia na za lugha ziwatume wanafunzi vijijini wakayaandike majina haya kutoka kwa wajukuu waliosalia, maana nao wanaondoka mmoja mmoja.

Mimi nimeanza. Katika daftari langu la Kipungani, chini ya neno manowari, limo jina moja la mtu.