Bure Isiyo ya Bure: Mvuke, Jua na Upepo

Kusini mwa Ziwa Naivasha, huko Olkaria, mabomba manene yanakatiza vichaka vya mileleshwa. Kila baada ya hatua kadhaa bomba hupinda, likapanda au kwenda pembeni, kisha likarudi njia yake. Si ufundi mbovu: chuma kikipata joto hutanuka, na bila kona hizo mabomba yangeng'oka kwenye nguzo zake.

Ndani yake mna mvuke wa Bonde la Ufa. Visima huchimbwa hadi kina cha kilomita mbili au tatu, kwenye miamba iliyopashwa joto na volkano. Kinachopanda ni maji na mvuke pamoja. Hutenganishwa, mvuke ukaenda kuzungusha mitambo, maji yakarudishwa ardhini. Kurudisha huko ni muhimu. Ukinyonya tu, shinikizo la mvuke hushuka, na nishati jadidifu inakuwa jadidifu kwa jina.

Utafutaji ulianza miaka ya 1950; mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa mwaka 1981. Leo jotoardhi huipatia Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe.

Vyanzo vingine havina utulivu huo. Jua huzama saa ile ile watu wanapowasha taa, hivyo hudai betri. Mabwawa hupungua maji wakati wa ukame. Watanzania na Wakenya waliokwisha kuishi na mgawo wa umeme hawahitaji kuelezwa.

Upepo nao una visa vyake. Karibu na Loiyangalani, Marsabit, imesimamishwa mitambo 365 ya jumla ya megawati 310. Ili kuifikisha huko, zaidi ya kilomita 200 za barabara zilitengenezwa kwanza. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari na upepo ulivuma kama kawaida yake, lakini njia ya umeme ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa haikuwa imekamilika. Umeme uliingia kwenye gridi Septemba 2018. Kwa ucheleweshaji huo, serikali ililazimika kumlipa mwekezaji fidia.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia mradi mpya unasifiwa kwa megawati zake, uliza pia nyaya zitapita wapi, nani anazijenga, na zitakamilika lini.