Upepo Unaozipokonya Galaksi Gesi Yake

Mgonjwa anapopigwa eksirei ya kifua, miale hutoka katika mashine, hupita mwilini, na mifupa huacha kivuli chake pichani. Wengi wetu tunaijua miale hiyo hospitalini tu. Hata hivyo, angani nayo ipo, na ndiyo iliyotusaidia kuelewa kwa nini baadhi ya galaksi huacha kuzaa nyota.

Eksirei za angani hazifiki ardhini. Hewa inayoizunguka dunia huzimeza, nayo ni heri kwa afya zetu. Ili kuzipima, sharti chombo kipandishwe juu ya hewa hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, nayo ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani.

Uhuru ilionyesha kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei kwa wingi. Galaksi moja ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota pamoja na gesi. Kundi moja huweza kuwa na galaksi mamia au maelfu. Baina ya galaksi hizo imeenea gesi nyembamba mno, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ndiyo itoayo eksirei.

Mwaka 1972, James Gunn na Richard Gott walieleza athari yake. Tuchukue mfano wa Mkuyuni. Hata siku ambayo ziwa limetulia na jani halitikisiki, mwendesha bodaboda aelekeaye mjini hupigwa na upepo kifuani. Upepo huo huletwa na mwendo wake mwenyewe. Akiwa amebeba mpunga usiopepetwa katika gunia lililo wazi, makapi yatapeperuka, punje zitabaki.

Galaksi ivutwayo kuingia kundini huweza kwenda zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Gesi ya kundi huipiga mithili ya upepo ule. Mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne. Nyota, kama punje, hubaki mahali pake. Gesi ya galaksi hupeperushwa, ikianza ile ya pembezoni, ambako mvutano ni dhaifu. Hali hii imeonekana katika galaksi NGC 4522, iliyomo katika kundi la Virgo, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 54.

Hasara yake haionekani mara moja. Mhudumu wa afya ataielewa akiukumbuka uboho wa mifupa: ukiacha kutengeneza damu, chembe nyekundu zilizopo huendelea kuzunguka, kila moja ikiishi takriban siku 120, na upungufu hudhihirika baadaye. Vivyo hivyo, nyota huzaliwa kutokana na gesi baridi. Gesi ikiisha, nyota zilizopo huendelea kuwaka, lakini mpya hazizaliwi. Nyota kubwa za buluu, zenye maisha mafupi, hutoweka kwanza, na galaksi hubaki na wekundu wa uzee.

Kwa hiyo galaksi yaweza kuonekana nzima machoni, ilhali imekwisha kupoteza kitu kilichoifanya iendelee kuzaa. Daktari na mtaalamu wa nyota wanakutana hapo: wote wawili huhitaji kupima kile ambacho jicho pekee haliwezi kukiona.