Haraka iliunguza mota, polepole ikapanda jabali

MOSHI ulianza kidogo, mwembamba kama wa sigara, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikatufikia puani. Gari lilikuwa limekwama katikati ya mawe mawili, gurudumu moja la mbele limebanwa, na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14 alikuwa bado amekaza kidole kwenye rimoti akidhani nguvu zaidi zingelinasua.

Hazikulinasua. Ziliunguza mota.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya gari letu, kwenye mawe yaliyo nyuma ya boma la dada yangu huko Machakos. Tulikuwa tumelitengeneza kwa majuma sita. Dada, aliyekuwa akianua nguo, aliutazama moshi ule, akatutazama sisi, kisha akaingia jikoni bila kusema neno. Afadhali angetugombeza.

Alikuwa na sababu. Sehemu kubwa ya fedha zilizonunua vipuri zilitoka kwake, zamu yake ya chama ilipofika. Alikuwa amezikusudia tangi la maji. Mimi ndiye niliyemshawishi, kwani kijana alikuwa haondoi macho kwenye simu, na walimu wake walisema kuwa akili anazo ila subira hana. Akikutana na hesabu ngumu huiruka. Dada alikubali kwa sharti moja, kwamba kitu hicho kisije kikaishia uvunguni mwa kitanda.

Sasa kilikuwa njiani kuelekea huko.

SI GARI LA MBIO

Yamkini msomaji anafahamu magari ya watoto yanayoongozwa kwa rimoti, yale yanayokimbia sebuleni na kugonga miguu ya wageni. Gari ninalozungumzia hapa ni tofauti kabisa. Kazi yake ni kutambaa juu ya mawe. Huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mara nyingi polepole kuliko hapo, likitafuta mahali pa kukanyaga kama mbuzi mlimani.

Uraibu huu ulikomaa Marekani. Mnamo 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari dogo la magurudumu makubwa liitwalo Clod Buster, lenye mota mbili, na baadaye mafundi wa nyumbani wakalikatakata na kuligeuza kuwa la kupanda mawe. Kisha kampuni zikaanza kuunda magari ya kazi hiyo hasa. Axial ilitoa SCX10 mwaka 2009, nayo Traxxas ikatoa TRX-4 mwaka 2017. Mengi ya magari haya ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli.

Mashindano yake nayo hayahusu mbio. Vigingi hupangwa viwili viwili kati ya mawe, na gari hupita katikati yake. Ukigusa kigingi, ukirudi nyuma au ukilishika gari kwa mkono, unaongezewa alama, na mwenye alama chache ndiye mshindi.

Kwa Mkenya wazo hilo si geni. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kujenga ua wa kuilinda misitu ya Aberdare, hayampi ushindi mwenye mbio. Magari hupewa saa 10 kufikia vituo 13 porini, na anayevifikia vyote kwa kusafiri umbali mfupi zaidi ndiye bingwa. Akili ya kuchagua njia hushinda nguvu za injini.

TULIVYOLIUNDA

Gari kamili la kampuni zinazojulikana hugharimu dola mia kadhaa za Marekani kabla ya nauli na ushuru. Hatukuwa na fedha hizo. Tuliagiza vile tu ambavyo hatungeweza kujitengenezea, yaani ekseli mbili, giaboksi, mota, mota ndogo ya kugeuza usukani iitwayo sevo, kidhibiti cha umeme, na rimoti pamoja na kipokezi chake.

Mengine tuliyapata karibu. Reli mbili za chesisi zilitoka kwa fundi wa madirisha ya alumini, ambaye alitukatia mabaki ya unene wa milimita 3. Vyuma vinne vinavyoshikilia kila ekseli tulivikata kutoka kwenye vyuma vya nyuzi vya milimita 4. Bodi tuliikunja kwa plastiki ngumu.

Mimi nilikulia kwenye magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, kwa hiyo kukata na kukunja hakukunitisha. Lililonipiga chenga ni difu. Gari la barabarani lina difu ili gurudumu moja la ekseli liweze kuzunguka zaidi ya jingine wakati wa kukata kona. Juu ya mawe difu hiyo ni adui, kwani gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu zote hukimbilia huko na gari husimama. Ndiyo maana difu za magari haya hufungwa, magurudumu yote manne yakazunguka kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba gari hukata kona kwa shida, lakini hilo linavumilika.

MAKOSA YETU

Kosa la kwanza lilikuwa gia. Gia kubwa ya giaboksi letu ina meno 87. Gia ndogo iliyoko kwenye mota iliyokuja nayo ilikuwa na meno 14, lakini kijana alitaka mwendo, akaitoa na kuweka ya meno 17. Mimi nilimwona na nikanyamaza. Kwa gia hiyo mota ilizunguka mara 5 tu kuligeuza gia kubwa mara moja, hivyo haikuwa na nguvu ya kutosha kwenye miinuko.

Isitoshe, mota ya umeme inayozunguka hujizuia yenyewe kunywa umeme mwingi. Ikizuiwa kuzunguka huku imewashwa, hunywa kupita kiasi, na umeme huo wote hugeuka joto. Hilo ndilo lililotukuta kati ya yale mawe mawili.

Kijana alikuwa na jibu tayari: tununue mota kubwa zaidi na betri yenye nguvu zaidi. Alikuwa tayari hata kuuza simu yake. Nilimwambia hapana. Nilinunua mota nyingine ya aina ile ile kwa fedha zangu, tukaweka gia ndogo ya meno 11. Sasa mota ilizunguka karibu mara 8 kwa kila mzunguko wa gia kubwa. Gari likapungua kasi, likapata nguvu, na mota haikuungua tena.

Lakini bado lilikuwa likianguka. Kulikuwa na jabali moja ambalo kijana alilipa jina la Mwalimu Mkuu, kwa kuwa hakuna aliyelishinda. Kila tulipofika katikati yake, magurudumu ya mbele yaliinuka na gari likabingirika kinyumenyume. Lilianguka mara 11 Jumapili moja. Safari ya 11 kijana aliitupa rimoti nyasini, akaenda kukaa chini ya mwembe.

UBAO NA KIPIMAPEMBE

Jioni ile nilimwomba aniletee kisanduku chake cha jiometri na mizani ya mama yake ya jikoni.

Tuliweka gari juu ya ubao, tukainua upande mmja wa ubao polepole hadi gari likakaribia kuanguka ubavu, kisha tukapima pembe. Ilikuwa digrii 38. Halafu tukaweka magurudumu ya mbele juu ya mizani na ya nyuma juu ya vitabu vyenye kimo sawa na mizani, tukasoma uzito, kisha tukageuza. Mbele kulikuwa na gramu 1,100 na nyuma gramu 1,300.

Kijana aliutazama ubao, akaitazama mizani, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba gari ni zito nyuma na juu, ilhali likipanda mlima uzito huzidi kuegemea nyuma. Sikuwa nimemwambia.

Alianza na keria ya chuma aliyoichomelea mwenyewe na kuifunga juu ya paa. Ilikuwa na gramu 200, na alikuwa akijivunia sana. Aliifungua kwa mkono wake. Betri ya gramu 180 tukaihamisha kutoka nyuma hadi juu ya ekseli ya mbele, chini kadiri ilivyowezekana. Shokamzoba tukazifunga kwenye matundu mengine ili gari lishuke kama sentimita moja na nusu, na magurudumu yaweze kuteremka zaidi yakikuta shimo.

Kisha tukaenda kwenye gereji ya kubalansi magurudumu. Fundi alitupa vile vipande vya risasi vya kubandika ambavyo vimekwisha kutumika, vya gramu 5 kila kimoja. Tulibandika 16 ndani ya kila rimu ya mbele, jumla gramu 160. Uzito uliomo ndani ya gurudumu haubebwi na springi, nao hukaa chini kabisa, pale unapohitajika. Hata hivyo, risasi ni sumu. Usiiyeyushe nyumbani, usiwape watoto wadogo, na osha mikono kwa sabuni baada ya kuishika.

Mwisho ulikuwa tairi. Sponji zilizokuja ndani yake zilikuwa ngumu, hivyo tairi lilidunda juu ya jiwe badala ya kulikumbatia. Tulikata nyingine laini kutoka kwenye godoro kuukuu, na kila tairi tukaliachia tundu dogo la kupumulia.

Tukapima upya. Mbele gramu 1,340, nyuma gramu 1,020. Yaani karibu asilimia 57 ya uzito sasa ilikuwa mbele, ilhali mwanzo ilikuwa 46. Pembe ya ubao ilipanda kutoka digrii 38 hadi 44. Digrii sita huenda zikaonekana si kitu, lakini ndizo zilizotutenga na kilele cha Mwalimu Mkuu. Na ukiondoa ile mota mpya na gia yake, mabadiliko yote hayo hayakutugharimu kitu.

TAHADHARI YA BETRI

Mzazi anayetaka kumjaribishia mwanawe uraibu huu lazima afahamu jambo moja kabla ya yote. Betri za lithiamu zinazotumika kwenye magari haya zinaweza kushika moto zikichezewa.

Betri yetu ina seli mbili za volti 3.7 kila moja. Seli isizidi volti 4.2 inapochajiwa, wala isiachwe ishuke chini ya volti 3. Tumia chaja iliyoundwa kwa betri hizo, inayosawazisha seli, na usiharakishe. Betri ya milliampea-saa 2,200 huchajiwa kwa ampea 2.2. Ichajie juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na mtu mzima awepo. Betri iliyovimba haitumiki tena. Nyumbani kwa dada hakuna kuchaji usiku, na sheria hiyo haina rufaa.

JUU YA JABALI

Jumapili iliyofuata tulirudi nyuma ya boma. Kijana hakuanza mara moja. Alilizunguka jabali, akachutama, akalitazama kutoka chini, akachagua njia ya kushoto ambayo hatukuwahi kuijaribu. Gari lilipanda inchi kwa inchi. Mahali pale pa kuanguka magurudumu ya mbele yaliinuka kidogo, yakasita, kisha yakashuka na kukanyaga. Dakika nne baadaye lilikuwa kileleni.

Sikuwa nimetambua kwamba dada amesimama nyuma yetu na karai la mahindi. Aliuliza kwa nini gari lililokula pesa nyingi hivyo linakwenda kama kinyonga. Mwanawe akamweleza habari za gia, uzito na pembe, kwa utulivu na kwa mpangilio, maelezo marefu kuliko niliyopata kumsikia akiyatoa mwaka ule mzima.

Dada aliweka karai chini, akaomba rimoti. Kwenye jiwe la kwanza gari likabingirika. Nilidhani kijana angempokonya. Hakumpokonya. Alilisimamisha gari, akarudi kando ya mama yake.

"Rudi nyuma kidogo, mama," akasema. "Usikaze. Kuna njia nyingine upande huu."

Tangi la maji lilinunuliwa zamu ya chama iliyofuata. Gari nalo halijaenda uvunguni hadi leo. Linakaa juu ya kabati, karibu na kisanduku cha jiometri.