Kabla Hujapanda Jabali, Chungulia Chini Yake

Mgeni akifika Mwanza hukimbilia kupiga picha Jiwe la Bismarck, kisha huuliza: nani aliyapanga mawe haya? Mimi nafundisha jiografia hapa Kirumba, na jibu langu huwavunja moyo wengi. Hakuna aliyeyapanga. Yamezaliwa papo hapo yalipo.

Ni graniti, mwamba uliopoa na kuganda chini kabisa ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mbele yake Ziwa Victoria ni mtoto mchanga: lina miaka kama 400,000 tu. Mwamba ule ulipata nyufa, maji ya mvua yakapenya, yakazilainisha kona na kingo hadi zikawa mchanga na udongo. Kiini kikabaki kigumu, cha mviringo. Mvua za enzi na enzi zikauosha udongo, mawe yakabaki yameegemeana kama abiria wa daladala la Igoma saa kumi na mbili jioni.

Usalama unaanzia hapo. Jabali kubwa kuliko nyumba linaweza kuwa limeshikiliwa na kijiwe cha ukubwa wa tofali, au na udongo ambao mvua haijaumaliza. Ndiyo maana wanafunzi wangu hawapandi kabla ya kulizunguka jiwe lote na kuchungulia chini. Wanatafuta udongo uliochimbwa karibuni, mfereji mpya wa maji, au ufa ambao ndani yake bado ni mweupe, haujashika weusi kama uso wa jiwe. Ufa wa namna hiyo ni wa juzijuzi. Wakikiona kimojawapo, somo tunalifanyia mbali. Wakati wa masika hatupiti chini ya miteremko mvua ikinyesha, wala kesho yake.

Tena vilima vyetu vina watu. Mabatini na Isamilo nyumba zimebanana katikati ya majabali. Wapo wanaochoma moto juu ya jiwe ili lipasuke wapate kokoto. Siwalaumu kirahisi, maana kokoto hizo zinalipa ada za watoto ninaowafundisha. Lakini anayechimba mchanga chini ya jabali anamtega jirani yake wa bondeni. Na wewe uliyekuja kutembea tu, huna hata sababu ya njaa: usisukume jiwe uone kama litatikisika, usiandike jina la mchumba wako kwa rangi. Mjusi kafiri usimrushie mawe. Yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanasayansi wamempa jina la mji wetu: Agama mwanzae. (Hapo ndipo huwa nagomba kuliko kawaida.)

Ufukweni mambo ni mengine. Jiwe linalopigwa na mawimbi lina utelezi, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiko wanakoishi konokono wa kichocho. Vimelea hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, hata ukiingia hadi magotini tu. Aliyelowa akapime wiki kadhaa baadaye. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Kama unawaza kujenga kibanda cha kupumzikia, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Kwa anayeanza, namshauri Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013. Boti unapandia Capri Point, na kisiwani wapo askari wa hifadhi wa kukuongoza.

Wengi huniomba niwapeleke kisiwa cha Ukara kwenye jiwe linalocheza. Linafaa kuonwa, ila omba ruhusa kwa wenyeji kwanza, maana lina mila zake. Safari yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Katika maji hayo hayo, kati ya Bugolora na Ukara, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 220. Vaa jaketi okozi kabla chombo hakijang'oa nanga. Ukiona watu wanazidi kuingia, shuka, hata kama nauli umeshalipa.