Chombo Kinachosikia Wote



Kijana mumoja wa kanisa letu hapa Likasi alikuja kwangu magaribi na kitu kimefunikwa ndani ya kitambaa, kama mutu anayeleta kuku mugonjwa. Akakiweka juu ya meza. Niliona chombo cheusi, kimefanana na motorola ya walinzi wa mine, na antena yake. "Papa Pasta," akasema, "hii inasikia bantu bote. Lakini yenyewe haisemake."

Ilikuwa skana, jina lake Whistler TRX-1. Yaya wake alimuachia wakati alitoka Afrika ya Kusini. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kiingereza, na kijana alijua kama mimi nilijifunza Kiingereza kidogo kwenye shule ya Biblia. Aliomba nimusomee. Hakusema anaitakia nini. Yeye anachimba kwa mikono, kandokando ya mahali pa kampuni, na mimi siyo mutoto. Nikamwambia aniachie siku kumi.

Sasa nieleze, maana wengi wetu tunaishi karibu na vyombo hivi bila kuvijua. Radio ya zamani ya mukononi ni nyepesi kuelewa: walinzi wana frekansi yao, madereva wa kamyo wana yao, na kila mutu anabaki pa kwake. Baofeng UV-5R, ile ndogo ya bei chini, inaweza kushika mambo ya namna ile kati ya 136 na 174 MHz. Lakini kampuni kubwa zinatumia namna ingine inayoitwa tranki. Fikiri parkingi ya taksi. Hakuna mutu mwenye gari lake, musimamizi anaangalia ni gari gani liko wazi, anasema, "Ninyi, panda hili." Mukimaliza safari, gari linapewa wengine. Vilevile mu tranki kuna kanali moja ya musimamizi, ni mashini, inayogawa zile zingine. Mulinzi anauliza kwenye kanali ya tatu, mwenzake anajibu kwenye ya saba. Mwenye Baofeng atasikia nusu ya neno hapa, nusu pale, kama mutu anayesikiliza magomvi ya jirani kupitia ukuta. Skana ya tranki inasikiliza kwanza yule musimamizi, kiisha inafuata wasemaji kila wanaporuka.

Nilisoma pia habari za zingine ili nilinganishe. Uniden BCD436HP ilitoka 2014, inakula mapile tatu ndogo. Lakini kwa kusikia ile namna ya DMR inayopendwa na makampuni, unalipa tena juu ya bei ya kununua. TRX-1 ya kijana inakula mapile ine, na DMR imo tayari. Uniden SDS100 ya 2018 ina bateri ya kuchaji, na inashinda zote mbili pahali ambapo minara mingi inatuma sauti moja kwa saa moja. Zote ni bei ya dola mamia. Na zote tatu ni vipofu mbele ya TETRA, na ni viziwi kabisa mbele ya sauti iliyofungwa kwa ufunguo wa siri. Kama ingekuwa kazi yangu kununua, ningechukua ile ya kijana, sababu mapile iko hata kwenye duka ndogo la Kikula. Tena hapa kwetu kilima kinamaliza maneno yote: mawimbi ya vyombo hivi yanaenda sawasawa na macho, na nyuma ya kilima unasikia mvua tu.

Usiku wa ine nilikuwa ninaizungusha tu, kwa udadisi. Kumbe kanali moja haikufungwa. Mutu akasema kwa haraka kama udongo umeanguka, mumoja amekufa, akataja jina. Lilikuwa jina la baba wa mutaa wetu, anayefanya kazi ya usiku.

Nilivaa viatu nikaenda. Nilifikiri: mimi ni muchungaji, afazali asikie kwangu. Mama yule alianguka chini mulangoni. Majirani wakatoka, maombolezo yakaanza, wanawake wakaketi chini. Saa kumi na mbili asubui bwana yake akaingia mu parsele, buti zake zina matope, akauliza nani amekufa.

Watu wawili wenye jina moja. Na ule wakati wote tulipolia kwa nyumba isiyo na kifo, kwenye nyumba ya marehemu wa kweli walikuwa wanalala. Hakuna aliyewaambia mpaka saa tatu. Yule mama wa mutaa wetu ananiamkia bado, lakini hakaribie tena.

Uchungu zaidi ni kwamba nilifundishwa vizuri tangu utoto. Miaka ya 1990, mbele ya telefone za mukono kufika, habari za mbali zilipitaka kwa foni. Tulitumwaka pale na karatasi. Muzee wa foni hakusema kifo hata siku moja. Alijua kama foni inasikiwa na kila mutu mwenye chombo, toka hapa mpaka Kalemie. Alisema tu, "Kesho saa ine, mutume muzee mumoja wa jamaa mbele ya chombo." Basi. Yule muzee alijulishwa, na yeye ndiye aliyebeba neno nyumbani kwa miguu yake.

Na mambo ya kusikiliziana si mapya mu muji huu. Mwezi wa 9 wa 1961, wakati Likasi ingali Jadotville, maaskari wa Airlandi zaidi ya 150 wa ONU walizungukwa hapa, toka tarehe 13 mpaka 17. Mukubwa wao, Pat Quinlan, alisema na Elisabethville kwa radio, na mara zingine walitumia Kigaeli, lugha ya kwao, ili wenye kusikiliza wasielewe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya barua na ya telekomunikasyo. Mimi sikufungua hiki kifungu mbele ya kuzungusha kanali. Nilijifariji na nabii Elisha, aliyejua maneno ya mufalme wa Shamu hata ya chumba cha kulala. Lakini Elisha hakuwa na antena, na jina alilosikia halikuwa la mutu mwingine.

Siku ya kumi kijana akarudi. Nikamweleza yote, hata haya yangu. Nikamwambia sitamusomea ukurasa wa kutafuta kanali za walinzi.

"Papa Pasta," akajibu polepole, "wewe uliogopesha mama mumoja. Siye, wakitukuta, banatupiga. Nilitaka kujua banatokea upande gani, tukimbie. Ni hiyo tu."

Nilinyamaza. Juu ya kuchimba pahali pa wengine nilikuwa na neno. Juu ya fimbo sikuwa nalo. Tuliketi mpaka chai ikapoa. Kiisha akachukua chombo chake, akakisikia chepesi, akafungua nyuma. Mapile hakuna.

"Iko mu radio ya mama pasta," nikasema. "Anasikiliza Okapi."

Akacheka kidogo. Akasema atarudi kuzichukua siku ya Yenga.