Udongo mwekundu wa Jinja na Mbale: kwa nini rangi haitoshi kuujua

Msafiri anayetoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi huona udongo mwekundu anapoondoka na udongo mwekundu anapofika. Katikati, katika safari ya karibu kilomita 150, wekundu huo hufifia ukawa manjano na kijivu, mabonde ya mafunjo na mashamba ya mpunga yakapita dirishani, kisha wekundu ukarejea chini ya vilima vya Wanale. Ni rahisi kudhani kwamba ni udongo uleule uliokatizwa na mabonde. Sivyo. Wanasayansi wa udongo wanaiweka miisho hiyo miwili ya safari katika makundi mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mbolea iliyomfaa mkulima mmoja humpotezea fedha mwenzake, na kwa nini upande mmoja mvua huharibu shamba tu lakini upande wa pili yaweza kuzika kijiji.

Neno moja, maana nyingi

Sisi tunaotafsiri habari tunalo tatizo la kila siku na neno "udongo". Kwa Kiswahili neno hilo hubeba ardhi ya shamba, tope la ukutani na hata malighafi ya chungu. Lugha yetu, hata hivyo, haikosi maneno ya kutofautisha. Udongo wa kichanga ni ule ulioachana, usioshika maji. Udongo wa mfinyanzi, uliopewa jina la fundi wa vyungu, ni ule unaonata na kufinyangika. Kati ya hizo mbili upo udongo tifutifu, ambao vitabu vya shule huusifu kuliko yote.

Utifutifu hupimwa kwa ukubwa wa chembe. Chembe za mchanga zina upana wa kati ya milimita 2 na 0.05. Zinazofuata, laini kama unga, hushuka hadi milimita 0.002, na zilizo chini ya hapo ni mfinyanzi. Udongo tifutifu wa mfano una takriban asilimia 40 ya mchanga, asilimia 40 ya chembe za unga na asilimia 20 ya mfinyanzi. Mchanga huruhusu maji na hewa kupita, mfinyanzi huzuia maji na virutubisho visikimbie, na kila kimoja humpunguzia mwenzake kasoro.

Lakini kipimo hicho hueleza ukubwa wa chembe peke yake. Hakisemi chembe hizo ni za madini gani, wala zimenyeshewa mvua kwa muda gani. Katika nyanda za nyasi za Marekani udongo tifutifu kwa kawaida huwa mweusi na wenye rutuba nyingi, kwa sababu mizizi ya nyasi imeoza ndani yake kwa maelfu ya miaka. Mshauri aliyesoma vitabu vya huko akaja Busoga, akagusa udongo tifutifu na kutarajia mavuno ya kule, atakuwa amefuata jina badala ya kitu chenyewe.

Jinja: udongo uliozeeka

Sehemu kubwa ya udongo mwekundu wa vilima vinavyozunguka Ziwa Victoria, kuanzia Buganda hadi Busoga, huwekwa katika kundi liitwalo Feralisoli. Jina hilo limeundwa kutokana na chuma na alumini, na limo katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji uliotolewa mwaka 1998 kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022, na mfumo mzima una makundi 32. Wamarekani wana mfumo wao, na udongo huohuo huuita Oksisoli. Msomaji akikutana na majina yote mawili asidhani ni udongo wa aina mbili.

Feralisoli ni udongo mzee. Mwamba wake mama umelainishwa na joto na mvua kwa muda mrefu kupita kiasi, hata maji yakachukua kalisi, magnesi, potasi na sehemu kubwa ya silika. Kilichobaki ni mfinyanzi dhaifu wa aina ya kaolini pamoja na oksidi za chuma na alumini. Oksidi za chuma ndizo zinazoleta wekundu. Kwa hiyo mtu anapousifu udongo kwa wekundu wake, mara nyingi anasifu masalio.

Hapa ndipo mkono unapodanganywa. Chuma hugandisha chembe za mfinyanzi zikawa punje ndogo ngumu, zinazojifanya mchanga. Mkulima akifikicha udongo huo huona ni tifutifu, mwepesi, unaopitisha maji vizuri. Maabara ikiupima huenda ikakuta mfinyanzi zaidi ya nusu. Udanganyifu huo una faida yake, maana shamba la namna hiyo hulimika kirahisi na mizizi hushuka mbali. Hasara ni kwamba mfinyanzi wa kaolini hauna nguvu ya kushika virutubisho, na oksidi zilezile huikamata fosforasi hata mmea usiweze kuifikia. Udongo ukiwa na asidi kali, kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, alumini nayo huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi.

Akiba ya shamba la Jinja basi iko juu, katika sentimita 15 hadi 20 za kwanza zenye mboji. Wazee wa Busoga waliotandaza majani makavu chini ya migomba hawakuhitaji kuambiwa jambo hili. Anayechoma mabaki ya mazao kila msimu anachoma akiba hiyo. Mashamba makubwa ya miwa, kama yale ya Kakira ambako kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1930, huendelea kwa sababu virutubisho vinavyoondoka na miwa hurudishwa kwa mbolea. Mkulima mdogo anayeuza miwa yake bila kurudisha chochote anauza udongo pamoja nayo.

Hata hivyo, Jinja si moja. Chini yake kuna mwamba mweusi wa amfiboliti, wenye chuma na magnesi nyingi kuliko miamba ya kawaida ya nchi hii. Palipo na mwamba huo, udongo huwa mzito na wenye nguvu zaidi, ukakaribia ule wa Mbale. Mashamba mawili yanayotenganishwa na njia ya miguu yanaweza kuwa na tabia mbili.

Jinsi ya kuupima nyumbani

Twaa konzi ya udongo, ondoa mawe na mizizi, ulowanishe kidogo kidogo, kisha uukande. Ubane kati ya kidole gumba na cha shahada ukiusukuma utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya kufika sentimita 2.5, huo ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni tifutifu wenye mfinyanzi mwingi; ukizidi hapo, ni mfinyanzi. Kwa udongo mwekundu usifanye haraka. Ukande kwa dakika kadhaa, kwa maana zile punje za uongo huvunjika polepole, na udongo ulioonekana tifutifu mwanzoni huanza kunata. Mabadiliko hayo yenyewe ni ushahidi.

Njia ya pili ni chupa ya kioo yenye maji na tone la sabuni. Tikisa, kisha uiache. Mchanga hutua kwa dakika moja hivi, chembe za unga kwa saa mbili tatu, na mfinyanzi huweza kuchukua siku kadhaa. Unene wa matabaka hukupa uwiano.

Mnyororo wa kutoka kilimani hadi bondeni

Uganda haikuanza leo kuuchunguza udongo wake, na moja ya mawazo makuu ya sayansi hii lilizaliwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alipewa jukumu la kuchora ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Aligundua kwamba haiwezekani kuupa mlima mzima rangi moja. Kileleni kulikuwa na udongo wa namna moja, mteremkoni wa namna nyingine, bondeni wa tatu, na mpangilio huo ulijirudia kilima baada ya kilima. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Ramani yake ilitoka mwaka 1936, na neno lake linatumika duniani kote hadi leo. Baada ya vita vikuu vya pili, wataalamu wa kituo cha Kawanda, karibu na Kampala, waliendeleza kazi hiyo kwa nchi nzima, na mwaka 1960 E. M. Chenery akachapisha utangulizi wa jumla wa udongo wa Uganda.

Barabara ya Tirinyi ni somo zuri la mnyororo huo. Juu ya vilima vingi vya Busoga kuna gamba gumu la chuma, lile linalochimbwa kuwa moramu ya barabara. Francis Buchanan alilielezea tabaka la namna hiyo kusini mwa India mwaka 1807 na kuliita laterite, kutokana na neno la Kilatini la tofali, kwa kuwa aliwaona watu wakilikata likiwa laini na kulijengea baada ya kukaukia hewani. Ugumu huo haurudi nyuma. Shamba lililoporwa udongo wake wa juu na mmomonyoko hadi tabaka hilo likaota jua haliponi kwa jembe.

Chini ya gamba hufuata udongo mwekundu wenye kina. Chini zaidi, wa manjano wenye mchanga. Na bondeni, kama katika kinamasi cha Mto Mpologoma, mfinyanzi wa kijivu. Ukijivu huo hutokana na maji yaliyotuama: udongo uliokosa hewa hupoteza wekundu wa chuma chake. Ukiona madoa ya kutu ndani ya udongo wa kijivu, jua kwamba maji hupanda na kushuka hapo. Mpunga wa Doho, katika Butaleja, hustawi kwa sababu hiyo, na msingi wa nyumba hapo hautulii.

Mbale: udongo unaolisha na kuporomoka

Elgon ni volkeno iliyozimika, yenye kilele cha mita 4,321. Majivu na miamba yake ni michanga ikilinganishwa na miamba ya Busoga, na imejaa madini ambayo mvua bado haijayamaliza. Udongo mwekundu unaotokana nayo huitwa Nitisoli, jina linalotoka katika neno la Kilatini la kung'aa. Ukilivunja bonge lake, huachana katika vipande vyenye pembe, na nyuso zake hung'aa kama zilizopakwa mafuta. Bonge la Feralisoli husagika likawa unga hafifu. Jaribio hilo dogo, lisilogharimu shilingi, hutenganisha udongo wa aina hizi mbili vizuri kuliko rangi.

Nitisoli huwa na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, kina kirefu na uwezo mkubwa wa kushika maji na virutubisho, ingawa nao hukamata fosforasi. Ndiyo siri ya kahawa ya Arabika na migomba ya Bugisu, na ndiyo sababu watu wamejenga hadi kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuipanda kwa miguu. Rutuba iliwaita, na hakuna haki ya kuwalaumu kwa kuitika.

Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Nametsi, wilayani Bududa, uliporomoka na kuzika kituo cha biashara na zahanati. Makumi ya miili ilifukuliwa. Mamia ya watu hawakupatikana. Oktoba 2018 Bukalasi ilipoteza watu zaidi ya 40, na Novemba 2024 vijiji vya Bulambuli vikazikwa. Mvua ndiyo iliyotajwa kila mara, na kweli mvua ndiyo hufyatua. Lakini udongo nao una sehemu yake. Maji huingia upesi katika tabaka la juu lililolimwa na kupitia mashimo ya mizizi, kisha hukutana chini na tabaka la mfinyanzi lililobanana, yakapunguza mwendo. Yanapolimbikizana hapo, udongo wa juu huwa mzito huku mshiko wake ukilegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu Manjiya, eneo ambalo sasa ni Bududa, ulitaja miteremko mikali yenye umbo la bakuli, udongo wenye mfinyanzi mwingi, na desturi ya kukata mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba. Huo ukataji ndio ulio mikononi mwa mwenye nyumba: ukuta wa udongo ulioachwa wima nyuma ya jiko umeondolewa kilichokuwa kikiuzuia usishuke.

Dalili zinazojulikana ni chache na hazina utata. Ufa mpya wenye umbo la upinde juu ya mteremko, miti na nguzo zinazoanza kuinama, chemchemi inayotoa tope ghafla au inayochipuka mahali palipokuwa pakavu, mlango usiofunga tena bila sababu. Mvua ikiwa imenyesha mfululizo na mojawapo ikaonekana, watu hutoka usiku huohuo, hawangoji kupambazuke. Ufa uliotulia kiangazi hauna maana kwamba umepona. Huingiza maji msimu unaofuata.

Baadhi ya familia zilihamishiwa Kiryandongo baada ya mwaka 2010, na nyingine Bunambutye, tambarare ya Bulambuli, baada ya mwaka 2018. Huko hakuna mteremko wa kuogopa, lakini hakuna pia udongo wa migombani. Mkulima aliyezoea kahawa hana budi kuanza upya, na hatua ya kwanza ni kuujua udongo aliopewa. Sampuli huchukuliwa kwa kupita shamba kwa mshazari, mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu, njia na palipokuwa zizi. Changanya zote, zianike kivulini, kisha chukua nusu kilo uipeleke kwa afisa kilimo, au kituo cha Buginyanya kinachohudumia ukanda wa Elgon, au maabara ya Kawanda. Andika kwenye mfuko jina la kijiji, tarehe, na zao lililovunwa mwisho.